Kabla ya kununua dawa ya mchwa, angalia wamekuachia nini sakafuni

Fremu ya mlango wa stoo nyumbani kwa mama, Kibaha, ilikuwa imepakwa rangi mwaka uliotangulia, na kwa kuitazama haikuwa na kasoro yoyote. Niliiegemea kwa mkono nikitafuta swichi gizani, kidole gumba kikazama ndani. Kuwasha tochi ya simu, nikakuta mbao imekwisha. Kilichobaki ni ganda la rangi ya mafuta, jembamba kama karatasi, na nyuma yake udongo mwekundu uliojazwa kwa ustadi pale ilipokuwa mbao. Mchwa hawana haja na rangi. Walikuwa wameila fremu kwa ndani kuanzia chini, wakaacha kiwambo tu ili jua na upepo visiwafikie.

"Si nilisema huu mlango siku hizi haufungi vizuri?" mama akasema, kwa sauti ya mtu aliyeshinda kesi.

Kufikia jioni nilikuwa nimepata ushauri wa mtaa mzima. Jirani wa kulia akaniambia nipake oili chafu. Wa kushoto akasema nitafute kichuguu nimchimbue malkia, mambo yaishe. Kijana wa duka la pembejeo alikuwa na chupa yake, kifuniko kimoja kwa bomba moja. Shemeji akapiga simu kusema nyumba nzima ifukizwe moshi wa dawa. Na kila mmoja alikuwa na ushahidi, kila mmoja alikwishaona dawa yake ikifanya kazi mahali fulani. Ilinichukua muda kung'amua kwamba walikuwa wanazungumzia wadudu tofauti kwa jina moja.

Wadudu watatu, jina moja

Tukikuta mbao imeliwa, tunasema mchwa, basi. Lakini wanaotafuna mbao katika nyumba zetu ni makundi matatu, na kila kundi lina tabia na tiba yake. Bahati nzuri kila moja linaacha uchafu wake, na huo uchafu ndio wa kuusoma kabla hujatoa hela mfukoni.

Ukiona udongo, yaani vijia vya udongo vya unene wa penseli vikipanda ukutani, au mbao iliyojazwa tope kama ile fremu ya mama, huyo ni mchwa wa ardhini. Ndiye anayejenga vichuguu, ingawa wapo wengi wa jamii hiyo ambao viota vyao viko chini kabisa na juu huoni hata tuta. Nyumba yako kwake ni shamba la kuvuna tu. Makazi yake yako nje, ardhini, huenda hata kwenye kiwanja cha mtu mwingine.

Ukikosa udongo lakini chini ya kabati au kiti kuna kirundo cha vipunje vikavu, vidogo kama mbegu za mchicha, vinavyorudi kila ukifagia, hapo una mchwa wa mbao kavu. Kila kipunje ni kinyesi chake, na ukikitazama kwa kioo cha kukuzia utaona kina pande sita. Huyu haihitaji ardhi kabisa. Anaishi ndani ya mbao hiyo hiyo anayoila, maji anayapata humo humo, na mji wake wote unaweza kuenea ndani ya mguu wa kitanda. Ukanda wa pwani, kwenye hewa yenye unyevu, anastawi sana, na husafiri duniani kwa kubebwa ndani ya fanicha.

Kundi la tatu linaacha unga laini kama poda, na juu ya mbao kuna vitundu vya duara kana kwamba mtu amedunga sindano nene. Huyo ni fukusi wa mbao, mtoto wa mbawakawa, wala hana undugu na mchwa. Undugu wa mchwa uko kwa mende, na wanasayansi siku hizi wanawaweka katika oda moja. Sisimizi, ambaye watu wengi hudhani ni binamu yake, yuko ukoo wa nyuki na nyigu.

Sasa utaona kwa nini jirani na shemeji walikuwa wote wana haki na wote wamekosea. Moshi wa dawa unawaua mchwa wa mbao kavu waliofungiwa ndani ya kenchi, lakini kwa mchwa wa ardhini unaua waliomo ndani saa hiyo, na kesho yake wengine wanapanda. Vivyo hivyo dawa ya kumwaga chini ya msingi haimgusi yule wa mbao kavu, kwa sababu yeye aliingia kwa kuruka kupitia dirishani. Nimewasikia watu wengi wakilalamika kwamba walimwaga dawa wakati wa kujenga na bado kenchi zinaliwa. Mara nyingine dawa ilikuwa mbovu. Mara nyingine ilikuwa nzima kabisa, ila mdudu hakupita huko.

Vibarua na shamba lao la uyoga

Aina za mchwa duniani ni karibu 3,000, na wanaoharibu majengo hawafiki hata moja ya kumi ya hao. Wengine wako porini wanageuza majani makavu kuwa rutuba. Huku kwetu wasumbufu wakubwa ni wale wa ardhini wanaolima kuvu. Ndiyo, wanalima. Kibarua anatafuna fremu yako, anarudi kiotoni, na kinyesi chake kinajengewa vitalu kama sifongo ambamo kuvu inaota. Kuvu ile inalainisha ule ugumu wa mbao ambao tumbo lake lingeshindwa, kisha mji mzima unakula humo. Uyoga mkubwa unaochomoza kwenye vichuguu baada ya mvua, ule ambao bibi zetu waliugombania, ni tunda la shamba hilo.

Nayasema haya kwa sababu yanaeleza kitu kimoja kinachowachosha watu. Mchwa unaowaona ukutani ni vibarua waliotumwa. Kiotoni wamebaki maelfu kwa maelfu, na katika vichuguu vikubwa hata milioni, pamoja na malkia mwenye tumbo la urefu wa kidole anayetaga mayai maelfu kila siku kwa miaka mingi. Kopo la dawa ya kupuliza unalonunua dukani linaua wale mia mbili waliokuwa zamu. Unafurahi, unafagia, wiki mbili baadaye kijia kimerudi hatua moja pembeni.

Kumchimbua malkia je? Kwa vichuguu vikubwa vinavyoonekana, ukimfikia malkia pamoja na mfalme wake, mji unaweza kufa. Lakini ni kazi ya jembe na sururu ya siku nzima, malkia yuko ndani ya chumba chake cha udongo mgumu, na mara nyingine vibarua wanapata mrithi. Kubwa zaidi, huna uhakika kwamba kichuguu kile unachokiona ndicho kinachokula nyumba yako. Vibarua husafiri makumi ya mita chini kwa chini.

Udhaifu wao ni ngozi. Mwili wa kibarua ni laini na unakauka upesi akikaa juani, na ndiyo maana hatembei wazi. Anajenga kijia cha udongo na mate, anapita humo kama kwenye handaki, na kijia kinaunganisha ardhi yenye unyevu na chakula. Hili linakupa kipimo cha bure. Kabla ya kufagia chochote, bomoa kipande cha kijia katikati, kama sentimita tano, uache ncha zote mbili. Rudi baada ya siku mbili tatu. Kikiwa kimezibwa kwa udongo mbichi, njia inatumika na fundi ana pa kuanzia. Kikibaki wazi, huenda waliihama kitambo. Watu wengi hukimbilia kusafisha ukuta wote, kisha fundi akija hakuna wa kumwonyesha njia.

Na kumbikumbi? Wale ni mchwa waliokomaa, wenye mabawa, wanaotoka kwenda kuanzisha miji mipya baada ya mvua za kwanza. Wakijaa kwenye taa ya baraza, hiyo haimaanishi nyumba yako inaliwa, maana taa inawaita kutoka mbali. Wakitokea kwenye ufa wa sakafu sebuleni, hapo ndipo pa kushtuka. Kama kwenu mnawakaanga kwa chumvi kidogo, na mimi ni mmoja wenu, msiwaokote kwenye nyumba iliyopigwa dawa.

Hesabu ya mabomba

Mahali rahisi kuliko pote pa kumzuia mchwa wa ardhini ni chini ya sakafu ambayo bado haijamwagwa. Msingi umeinuka, kifusi kimejazwa na kushindiliwa, nailoni bado, zege la jamvi bado. Siku hiyo moja unaweza kuunda tabaka la udongo wenye sumu kati ya mchwa na nyumba yako. Ikipita, kurudi nyuma ni kwa drili.

Nami hapo ndipo nilipopigwa, miaka kabla ya habari ya fremu. Fundi aliyekuja kupuliza alikuwa na bomba moja la mgongoni. Alilijaza, akazunguka, akalijaza tena, akafunga mizigo. Nusu saa haikufika. Nikamlipa na kumshukuru.

Hebu tufanye hesabu ambayo sikuifanya siku ile. Kiwango kinachotumika sana kwa dawa za kumwaga chini ya sakafu ni lita 5 za mchanganyiko kwa kila mita ya mraba, ingawa lebo ya dawa yako ndiyo ya kufuata. Nyumba ya mita 10 kwa 12 ina mita za mraba 120. Hiyo ni lita 600. Bomba la mgongoni la kawaida linabeba lita 16, kwa hiyo ni mabomba 37 na nusu, na bado hujagusa pembeni mwa kuta za msingi ambako udongo unataka dawa zaidi. Fundi wangu alitumia lita 32. Alinyunyiza kama anayefukuza vumbi. Ukimwajiri mtu, kaa naye uhesabu mabomba, au mwambie aje na pipa na mashine ya kusukuma. Mwombe pia akuonyeshe chupa ikiwa bado imefungwa.

Yako mambo mengine ya siku hiyo ambayo hayahitaji dawa. Mifuko mitupu ya saruji ni karatasi, na karatasi ni mbao kwa mchwa. Mafundi wanaitupa ndani ya kifusi pamoja na vipande vya mbao za kufungia zege, na visiki vya miti ya kiwanja vinafukiwa humo humo. Unakuwa umempikia mgeni kabla hajabisha hodi. Halafu kuna fundi bomba, anayekuja baada ya dawa kumwagwa na kuchimba mtaro wa bomba la choo katikati ya tabaka lile. Apite kwanza yeye, dawa ifuate, nailoni na zege zifuate mapema iwezekanavyo kabla mvua haijaiosha.

Zege lenyewe haliliwi, ila ufa wa milimita moja au mbili ni barabara tosha. Ndiyo sababu mchwa hutokea pale bomba linapopenya sakafu au sakafu inapokutana na ukuta. Kule Hawaii na Australia kuna watu wanaoweka chini ya nyumba tabaka la kokoto zilizochekechwa kwa vipimo, za milimita mbili hivi. Ni kubwa mno kwa mchwa kuzibeba na zimebanana mno kwake kupenya. Napenda sana wazo hilo. Ila kokoto zao zilipimwa kwa taya za mchwa wa kwao, na wetu wa vichuguu wana miili mikubwa zaidi.

Dawa za zamani zilikuwa dawa

Mafundi wazee husema hivyo, na hawadanganyi. Aldrini na dieldrini zilikaa ardhini miongo na miongo. Kukaa huko ndiko kulikozifukuzisha. Sumu isiyooza inaingia kwenye samaki na mifugo, inajikusanya kwenye mafuta ya mwili wa binadamu, inatokea kwenye maziwa ya mama. Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001, ulioanza kutumika 2004, uliziweka kwenye orodha ya kwanza kabisa ya kemikali za kuondolewa. Klopairifosi, iliyochukua nafasi yao kwa miaka mingi na ambayo harufu yake mafundi wengi wanaijua, nayo iliingizwa kwenye orodha ya mkataba huo mwaka 2025.

Zilizopo sasa ziko za namna mbili, na muuza duka mara nyingi hakuelezi tofauti. Jamii ya bifenthrini na sipamethrini zinamfukuza mchwa. Akizinusa anageuka, na tabaka likiwa na pengo analitafuta mpaka alipate. Fipronili na imidaklopridi hazinuki kwake. Anapita ndani, anajipaka, anarudi kwa wenzake, na kwa kuwa mchwa hulambana na kulishana muda wote, sumu inasambaa kabla hajafa. Kwa nyumba ambayo tayari imevamiwa, mimi ningechagua hizi za pili, hata kwa bei yake, maana pengo dogo haliharibu kazi yote.

Soma jina la sumu yenyewe kwa maandishi madogo, siyo jina kubwa la biashara, na hakikisha imesajiliwa. Tanzania usajili uko kwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, na Kenya uko kwa bodi ya viuatilifu, PCPB. Kama una kisima uani, mwambie fundi kabla hajafungua chupa. Fipronili na bifenthrini ni kali mno kwa samaki, na hakuna anayetaka hata tone lake kwenye maji ya kunywa.

Kwa nyumba iliyokwisha kujengwa kazi ni ya kuchosha. Nje unachimbwa mtaro mwembamba ukiukumbatia msingi, kina kama sentimita 30, udongo unaloweshwa dawa na kurudishwa. Ndani, sakafu inatobolewa kwa drili kufuata kuta, tundu kila sentimita 30 hivi, dawa inasukumwa chini, matundu yanazibwa kwa saruji. Marumaru za mama zilipona kwa sababu fundi alitoboa kwenye maungio. Huyu wa pili nilimsimamia kama askari.

Mbao, oili na majivu

Waliojenga nyumba za mawe Lamu na Unguja hawakuwa na fipronili. Walikuwa na boriti za mikoko, ngumu, zenye dabaga nyingi (ile tanini ya magome inayotumika kutengenezea ngozi), na milango ya msaji. Boriti hizo zilisafirishwa kwa majahazi mpaka Ghuba, na upana mdogo wa vyumba vya kale pande zote mbili unatokana na urefu wa boriti. Bara kulikuwa na mvule, mninga, mkongo. Lakini ugumu huo uko kwenye kiini, ile sehemu nyeusi ya katikati. Ule weupe wa pembeni huliwa kama mbao yoyote, hata wa mninga. Ukinunua mninga wenye ukingo mweupe, umenunua fremu ambayo robo yake ni chakula.

Leo tunapaulia paini ya Mafinga, iliyokua haraka na kujaa huo weupe. Haina ubaya wowote ikiwa imetiwa dawa kwa mashine ya presha. Tatizo ni zile zinazopakwa rangi ya kijani kwa brashi usiku. Kata kipande mbele ya muuzaji uone kijani kimeingia mpaka wapi. Kikiwa ni ngozi tu, rudisha. Na hata kwenye mbao halali, kila ncha unayoikata kwenye eneo la ujenzi inafungua sehemu isiyo na dawa, basi ipakwe tena. Vipande vinavyobaki visiende jikoni. Nyingi ya dawa hizo zina aseniki, na moshi wake utaingia kwenye wali.

Oili chafu inamkawiza mchwa kidogo juu ya ngozi ya mbao. Haiingii ndani, mvua inaishusha kwenye udongo wa mboga zako, na rangi haitashika juu yake tena. Kwa nguzo ya banda la kuku sina ugomvi nayo. Mafuta ya taa yanaua anayeguswa, yanapaa hewani, yanakuachia hatari ya moto. Majivu yanasumbua mchwa yakiwa makavu, kisha mvua moja inakurudisha ulipoanza.

Kwa yule wa mbao kavu, kama amekamatwa kwenye kiti kimoja, kitoe nje mapema. Kikiwa cha thamani, dunga dawa ya mbao kwa bomba la sindano kwenye vile vitundu anavyotolea vipunje, ziba, usubiri uone kama vipunje vinarudi. Kabati la mtumba lipigwe kwa mpini wa bisibisi kila upande kabla ya kulipa. Mbao nzima inajibu kwa sauti kavu, iliyoliwa inatoa sauti ya boksi.

Nyumbani kwa mama tulikata fremu yote ya chini, tukaweka ya chuma. Chanzo cha maji yaliyokuwa yanawavuta mchwa pale tulikipata siku ya tatu. Upande wa pili wa ukuta ule ule kulikuwa na bustani yake ya maua, udongo umelundikwa mpaka juu ya usawa wa sakafu, na humwagiliwa asubuhi na jioni. Fundi akataka msingi uonekane wazi angalau sentimita 15 kutoka ardhini, ili mchwa akipanda tumwone. Tulibishana wiki nzima. Mwishowe maua yamesogea hatua mbili, isipokuwa waridi moja ambalo, kwa maelezo ya mama, halihamishiki.